Kadi Isiyojua Majina: Habari za Picha katika Nchi ya Shaba

Siku hizi hakuna sherehe kubwa katika miji yetu ya shaba, kuanzia Kolwezi hata Likasi na Lubumbashi, isiyokuwa na mpiga picha wake. Arusi ikifungwa, mtoto akibatizwa, padre akipewa daraja, hata mzee akizikwa, utamwona mtu ameinua mkononi kamera ya video, anawafuata watu hatua kwa hatua. Kisha husimama kidogo, hubonyeza kitufe kingine, na hapo picha moja tuli, isiyokwenda wala kusema, huingia katika kadi ambayo upana wake ni vidole viwili tu. Watu hufurahi na kusema: “Haya, imeingia katika kumbukumbu.”

Neno hilo yafaa tulifikiri. Watu wa ufundi wamekiita kipande hicho kadi ya kumbukumbu. Lakini je, kadi yaweza kukumbuka? Yamjua bibi arusi ni binti wa nani? Yajua kama nyumba inayoonekana nyuma yake ingali imesimama, au imekwisha kubomolewa kwa ajili ya mgodi? Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma tutazame jinsi picha zilivyoingia katika nchi hii ya Katanga, nani alizipiga, nani alizitunza, na ni zipi zilizowafaa watu baadaye. Historia hiyo ina fundisho moja, nalo lamhusu kila mwenye kamera na kila mwenye picha ukutani.

PICHA ZA KWANZA KATIKA KATANGA

Kabla ya picha wazee walitunza habari kwa mdomo. Ukoo ulikuwa na watu wake waliojua majina ya mababu, mipaka ya mashamba na vita vilivyopita. Kazi ya shaba nayo ilitunzwa hivyo hivyo. Tangu karne nyingi watu wa nchi hii waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuri za udongo, wakafanya misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, na misalaba hiyo imeonekana makaburini katika bonde la Upemba. Wazungu walipofika hawakukuta nchi isiyojua shaba. Waliongozwa na wenyeji mpaka kwenye mashimo ya zamani. Mwaka 1926 Mgr. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikti aliyeongoza misioni za Katanga, alichapisha habari za wafuaji hao wa shaba, jinsi kazi yao ilivyofanywa zamani. Alifanya vema, maana wakati huo tanuri za kampuni zilikuwa zimekwisha zima tanuri za mababu.

Ufundi wa picha ulitangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, kazi ya Daguerre, aliyeendeleza majaribio ya Niépce. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, yenye filamu ya kutosha picha 100, hata mtu asiye fundi akaweza kupiga picha. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1898, serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilituma Katanga msafara wa wataalamu chini ya Kapteni Charles Lemaire. Msafara huo ulidumu mpaka mwaka 1900. Kazi yake ilikuwa kupima nchi, kuchora ramani na kuchunguza mawe, mimea na wanyama. Ndani yake walikuwamo watu wawili ambao kazi yao ilikuwa sura za mambo: Léon Dardenne, mchoraji wa rangi, na François Michel, mpiga picha.

Picha za Michel zilipelekwa Ubelgiji, zikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Zaonyesha machifu, wanawake, wapagazi, askari, vijiji na mito. Ni picha safi, na karatasi zimedumu kupita miaka 100. Lakini wengi wa watu wale wametazamwa tu kama vile mtu atazamavyo mti au jiwe: wamesimama mbele, wamesimama upande, wapimwe na kulinganishwa. Nani alikuwa baba wa huyu? Nani alikuwa mke wa yule? Karatasi imetunza uso, haikutunza mtu.

PICHA YENYE JINA

Hebu sasa tutazame picha nyingine ya miaka ile ile, ingawa haikupigwa Katanga bali mbali kaskazini, katika misitu ya mpira. Mwezi wa Mei mwaka 1904, katika misioni ya Waprotestanti ya Baringa, alifika mtu mmoja akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mwanamke wa misioni ile, Mwingereza Alice Seeley Harris, alimpiga picha ameketi barazani, anavitazama viungo vile vya mtoto wake.

Lakini hakuishia hapo. Picha ile haikwenda duniani peke yake: ilikwenda na jina la baba, Nsala wa Wala, na jina la mtoto, Boali, na habari ya mahali na wakati. Kwa hiyo wale waliotaka kumtetea mfalme hawakuweza kusema kwa urahisi kwamba ni hadithi ya kubuni. Bi Harris na mumewe walizionyesha picha zao kwa mwanga wa taa katika mikutano mingi ya Uingereza na Marekani. Pamoja na barua, ripoti ya balozi Roger Casement na maneno ya mashahidi wengine, zilisaidia kuamsha watu, hata mwaka 1908 Mfalme Leopold akaachishwa mamlaka yake juu ya Kongo, na nchi ikawa koloni la Ubelgiji.

Tusidhani kwamba kamera ilikuwa mikononi mwa Wazungu tu. Huko Boma, uliokuwa mji mkuu wakati ule, alikuwako mpiga picha Mwafrika, Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos. Alikuwa karani wa serikali, kisha akawa mfanyabiashara, na picha zake zilisifiwa. Baadaye aliwapelekea watetezi wa haki karatasi za kesi zilizoonyesha ubaya wa utawala ule. Ilipojulikana, serikali ilikataza watumishi wake kununua dukani kwake. Akafilisika, na mwaka 1905 akajiua. Habari yake ni ya huzuni, lakini yatufundisha kwamba kushuhudia kwa kweli ni kazi yenye gharama.

Basi, ndugu msomaji, weka picha hizi mbili kando kwa kando: ile ya mtu wa Katanga asiye na jina, na ile ya Nsala wa Wala. Zote zilifanywa kwa ufundi ule ule wa nuru na dawa. Ya pili ilipata nguvu ya ushahidi kwa sababu mtu alichukua kalamu akaandika: huyu ni fulani, ameyapata haya, mahali fulani, wakati fulani.

WATU WA KAMPUNI NA WATU WA UKUMBUSHO

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ikaanza kuyeyushwa kwa wingi. Upande wa magharibi migodi ilifunguliwa Kolwezi, Musonoi na Kamoto, na mji wa Kolwezi ukakua katika miaka ya 1930 na kuendelea. Kampuni ilikuwa na wapiga picha wake. Walipiga tanuri, mashine, hospitali, shule na nyumba zilizopangwa mistari. Walipiga pia wafanyakazi, mara nyingi wengi pamoja, kama mtu ahesabuye mali yake. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya kampuni ile ilitwaliwa na serikali, na baadaye shirika likaitwa Gécamines. Masanduku ya picha yakabaki, yakala vumbi.

Siku za neema zilipita. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilianguka, na mwaka 1994 shaba yote ya shirika haikufika hata tani 50,000. Mitambo ikapata kutu, na watoto waliokua wakati huo waliiona kama magofu.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alipokuwa kijana alizitafuta picha za zamani za kampuni, akazipenda na kuzichunguza. Mwaka 2006 alifanya mfululizo wa picha alioupa jina la Kifaransa Mémoire, maana yake kumbukumbu. Alipiga picha za viwanda vilivyobomoka, kisha akawachukua wafanyakazi wa picha za zamani, weusi na weupe, akawasimamisha ndani ya magofu hayo kwa msaada wa kompyuta. Utazamapo picha zile waona kama marehemu wamerudi kazini, wamekuta tanuri limezimika, nao wanauliza: “Kazi yetu mmeifanyia nini?” Mwaka 2007 alipata zawadi huko Bamako, katika maonyesho makubwa ya picha ya Afrika. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianza Lubumbashi makutano ya wasanii, wakayaita kwa neno letu la Kiswahili, Picha. Na mwaka 2011, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, alionyesha huko Tervuren kazi waliyoifanya juu ya sanduku lile lile la msafara wa Lemaire tulilolitaja mwanzo. Hivyo wana wa Katanga walikwenda kuzisoma upya picha za babu zao.

Lakini hata kabla ya hapo watu wa kawaida walikuwa na njia yao. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha ya rangi, imechorwa kwa mkono juu ya kitambaa, imetundikwa sebuleni: mamba muntu, yaani nguva, au askari wa zamani akimchapa mfungwa. Watu wa Katanga waliziita ukumbusho. Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima katika picha 100 na zaidi, kati ya mwaka 1973 na 1974. Tena hakutoa picha tupu. Alikaa na mtaalamu Johannes Fabian, akamweleza kila picha kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake yakanaswa katika kanda, hata yakatoka katika kitabu mwaka 1996. Neno ukumbusho ni neno la hekima. Maana yake si kitu kinachokumbuka, bali kitu kinachomkumbusha mtu. Kukumbuka ni kazi ya mtu mwenyewe.

JINSI KAMERA YA VIDEO INAVYOPATA PICHA TULI

Sasa tuingie katika mtambo wa leo. Mwaka 1969 huko Marekani wataalamu Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha silikoni kilichoweza kugeuza nuru kuwa umeme. Kipande hicho kikawa jicho la kamera za namna mpya, zisizotumia filamu. Mwaka 1975 kijana mmoja wa kampuni ya Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya kwanza ya namna hiyo iliyoweza kushikwa mkononi. Ilikuwa nzito karibu kilo 4, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja katika kanda ya kaseti.

Mwaka 1983 Sony walitoa kamera ya video kwa watu wa nyumbani ambayo ndani yake mlikuwa na kinasa kanda. Kabla ya hapo mpigaji alibeba kamera begani na kinasa pembeni. Katika miaka ya 1990 kanda zikawa ndogo, na maandishi yake yakawa ya tarakimu. Kamera nyingine za wakati ule ziliweza kupiga picha tuli, lakini ziliiandika katika kanda ile ile: picha moja ikasimama kwa sekunde chache, kisha video ikaendelea. Ukiitaka picha hiyo ulipaswa kuizungusha kanda nzima na kuitafuta.

Njia ilirahisishwa na ugunduzi wa Mjapani Fujio Masuoka, aliyebuni katika miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Toshiba, kumbukumbu isiyofutika umeme uzimwapo. Ndani yake mna vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chembe za umeme hufungiwa humo nyuma ya ukuta usiopitisha umeme. Chumba kilichofungiwa chembe na chumba kitupu ndizo herufi mbili ambazo kwazo picha nzima huandikwa. Mwaka 1999 kampuni tatu, yaani Matsushita, SanDisk na Toshiba, zilipatana juu ya kadi ya SD, ambayo ndiyo twaiona mpaka leo. Kamera ya video ikawa na nyumba mbili: kanda kwa picha za kwenda, kadi kwa picha tuli. Baadaye kanda ikaachwa kabisa, vyote vikaingia katika kadi.

Yafaa kujua pia kwa nini picha tuli ya kamera ya video mara nyingi haikuwa nzuri kama ile ya kamera ya picha. Video ya zamani ya mtindo wa Ulaya haikuandika picha nzima mara moja. Iliandika kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea. Kisha, baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, mistari ya 2, 4, 6. Jicho letu likaiunganisha. Lakini mtu akiwa anacheza ngoma, katika muda ule mfupi mkono wake umekwisha sogea. Ukiisimamisha picha hiyo, ukingo wa mkono huonekana kama meno ya kitana. Tena nukta zake zilikuwa chache: 720 kwa upana na 576 kwa kimo, jumla yake hazifiki 415,000. Zatosha kwa televisheni ya zamani, hazitoshi kwa picha kubwa ya ukutani.

Ndiyo sababu mpiga picha mwenye akili hakutegemea kuikata picha kutoka katika video. Aligeuza swichi kutoka upande wa video kwenda upande wa picha, akawaambia watu wasimame, akashika kamera imara, akabonyeza. Tena aliangalia kwanza picha yaandikwa wapi, maana kamera nyingine zina kumbukumbu yake ya ndani. Mtu aweza kuitoa kadi akadhani amebeba arusi yote mfukoni, kumbe picha zimebaki ndani ya kamera ya kukodi.

MAWE YA KOLWEZI NDANI YA KAMERA

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Kolwezi hasa yafaa walijue. Kamera haifanyi kazi bila betri. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, huko Oxford, walionyesha kwamba mchanganyiko wa lithiamu na kobalti waweza kuwa upande mmoja wa betri yenye nguvu nyingi na uzito mdogo. Akira Yoshino wa Japani akaikamilisha, na mwaka 1991 Sony walianza kuiuza. Kamera za video zilikuwa kati ya vyombo vya kwanza vilivyopewa betri hiyo. Simu na kompyuta nazo zikaitumia. Mwaka 2019 Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa Tuzo ya Nobel.

Na kobalti yatoka wapi? Katika miaka ya karibuni takriban sehemu saba katika kumi za kobalti yote ya dunia zimetoka katika nchi ya Kongo, nayo yachimbwa katika ukanda huu wa shaba, hasa Lualaba, jimbo lililoundwa mwaka 2015 na kuwa na Kolwezi kama mji wake mkuu. Uhusiano huu si wa jana. Mwezi wa Mei 1978, vita vilipoingia Kolwezi na migodi ikasimama, bei ya kobalti ilipanda duniani kote. Basi mtu wa Kolwezi ashikapo kamera, huenda ameshika jiwe la kwao lililozunguka dunia likarudi likiwa na lenzi mbele. Jambo la huzuni ni kwamba jiwe lile lile linalowezesha picha ndilo linaloondoa mambo ambayo picha ingeyatunza.

Tazama mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba za watu mna mawe yenye kobalti nyingi. Watu wakachimba mashimo uani, hata ndani ya nyumba, wengine wakapata fedha, wengine wakafukiwa na udongo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa iwe mgodi uliozungushiwa ukuta, na wakazi wake wakahamishwa. Katika sehemu nyingine za mji, migodi mikubwa ya wazi imesogea mpaka karibu na nyumba, na watu wamepaswa kuondoka. Sammy Baloji alifika Kolwezi pia, akapiga kambi za wachimbaji wa mikono. Picha hizo aliziweka kando ya picha za kuchapwa kutoka China, zenye bustani na maporomoko ya maji, ambazo wachimbaji walizitundika kambini mwao. Hata katika hema la plastiki mtu hutafuta cha kutazama.

KADI HAIJUI NINI

Mtaa ukiondoka, watoto watauliza: “Tulikaa wapi? Mwembe wa babu ulikuwa upande gani?” Jibu huenda limo katika kadi moja, katika picha ya komunyo ya kwanza ambayo nyuma yake yaonekana ukuta na mwembe. Kwa hiyo tujue vema udhaifu wa kadi hiyo.

Kwanza, kadi haijui majina. Picha huitwa kwa namba tu. Miaka mitatu ikipita mwenyewe aweza kuwataja wote. Miaka thelathini ikipita, watoto wake wataona nyuso za watu wageni, kama vile sisi tuonavyo watu wa Michel.

Pili, kadi husema uongo juu ya siku bila kujua. Tarehe hutoka katika saa iliyomo ndani ya kamera, nayo hutegemea betri ndogo. Betri hiyo ikifa, saa hurudi kwenye siku yake ya kwanza, na ubatizo wa Pasaka huandikwa kuwa ulifanywa mwezi wa Januari wa mwaka mwingine kabisa. Mtu wa baadaye akiisadiki tarehe hiyo atapotea.

Tatu, kadi haidumu daima. Zile chembe za umeme huvuja polepole. Watengenezaji aghalabu hutaja miaka 10 tu ya kutunza maandishi. Tena kadi yaweza kupotea katika mfuko uliotoboka, au kufutwa kwa kitufe kimoja ili ipate nafasi kwa arusi ya Jumamosi ijayo.

Tufanye nini basi? Mfano mzuri twao karibu, nao ni kitabu cha ubatizo. Kitabu hicho hakina picha hata moja, lakini baada ya miaka 80 mtu aweza kuja ofisini akapata jina lake, la wazazi wake na la msimamizi wake, mahali, siku, na saini ya padre. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko, kila mwisho wa mwaka, apeleke nakala ya vitabu vyake kwa askofu. Waliotunga sheria ile walijua kwamba nyumba huungua na mchwa hula. Kitu kilichomo katika nyumba mbili si rahisi kupotea.

Basi picha nayo itendewe hivyo. Kabla ya sherehe, mpiga picha atazame saa ya kamera kama i sawa. Baada ya sherehe, picha zihamishwe siku hiyo hiyo, ziwekwe mahali pawili, tena katika nyumba mbili mbalimbali, wala kadi isifutwe kabla ya hapo. Picha chache zilizo bora zichapwe katika karatasi, na nyuma yake yaandikwe kwa penseli majina kutoka kushoto kwenda kulia, siku na mtaa. Na wazee waulizwe mapema, wangali hai, maana mzee akifa amekwenda na majina ya watu wa picha 100.

Kazi hii si ya wataalamu wa Brussels wala ya wasanii wa Lubumbashi peke yao. Ni ya mama mwenye sanduku la picha chini ya kitanda, na ya kijana mwenye kamera shingoni. Michel alibeba kamera yake katika Katanga nzima, akaturudishia nyuso zisizo na majina. Sisi tunayo kamera nyepesi kuliko yake, na nyuso ni za watu wetu wenyewe ambao twawajua. Tukiziacha bila majina, wajukuu wetu watakuwa na haki ya kutuuliza sababu. Penseli moja yatosha, na jioni moja ya kukaa pamoja na wazee.